Candes, Kijiji cha Makutano

Ukisafiri Kenya kwa basi hutakosa kumsikia makanga akiita, "Makutano! Wa Makutano shukeni!" Wala Makutano si moja. Kuna ya Kapenguria, kuna ya Meru, na kuna nyingine ndogo ndogo ambazo anayezijua ni dereva na wenyeji wake. Njia mbili zikikutana, mtu mmoja akaweka meza ya kuuza chai, mwingine akaja na mahindi ya kuchoma, basi jina la mahali halitafutwi mbali.

Sasa sogeeni, wajukuu zangu, niwapeleke mbali kidogo. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliishi watu walioitwa Wagallia. Hao nao walikuwa na desturi hiyo hiyo ya majina, ila kilichowavutia wao kilikuwa mito. Mahali mito miwili ilipokutana walipaita Condate, maana yake makutano. Condate zilikuwa nyingi kama Makutano zetu. Hata mji mkubwa wa Rennes, kule magharibi ya Ufaransa, zamani uliitwa Condate. Na Condate mojawapo, ndogo, ilitafunwatafunwa na ndimi za watu karne baada ya karne hata jina likabaki Candes. Wafaransa hulitamka "kand", na ile n huipitishia puani.

Jina lake kamili ni Candes-Saint-Martin. Wakazi wake ni kama 200 tu, hawajazi hata shule moja ya msingi ya mjini. Ukikitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, chai uliyoiacha mezani haijapoa. Lakini nimekipenda kijiji hiki kuliko miji mingi mikubwa, kwa sababu karibu kila kitu chake kililetwa na maji, na karibu kila kitu chake kilichukuliwa na maji. Hapo katikati, kati ya kuletewa na kunyang'anywa, watu wake wamejenga maisha.

Chukueni kijiti, tuchore mchangani. Chora mstari mrefu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Huo ni mto Loire, na unakwenda magharibi, baharini. Sasa anzia chini, kwenye pembe ya kulia, uchore mstari wa pili upande mshazari mpaka uguse ule wa kwanza. Huo ni mto Vienne, unatoka kusini-mashariki. Chini kidogo ya mahali ilipogusana, upande wa kushoto, weka nukta. Hapo ndipo Candes. Na ule ulimi wa ardhi uliobanwa kati ya mito miwili unaitwa Véron, nchi ya majani na mashamba, tambarare, ambayo mito ikijaa hunywa maji mpaka ikatapika.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unazaliwa kusini, chini ya mlima uitwao Mont Gerbier-de-Jonc, kisha unaelekea kaskazini kana kwamba una safari ya Paris. Ukifika Orléans unabadili nia, unapinda magharibi na kushika njia ya Bahari ya Atlantiki. Vienne ni mfupi zaidi, kama kilomita 370. Unaanzia kwenye uwanda wa juu wa Millevaches, unapita Limoges, unapita Chinon, halafu hapa Candes unaingia ndani ya Loire na jina lake linakoma. Maji yake yanaendelea mpaka baharini, lakini kwa jina la mwenzake.

Nyuma ya kijiji kuna kilima chenye ukuta wa jiwe jeupe. Nyumba zimebanana kati ya jiwe na maji, na nafasi ni finyu. Kijiji jirani, Montsoreau, kimeshikana kabisa na Candes. Wenyeji wana msemo wa tangu zamani kwamba kati ya vijiji hivyo viwili hapalishi ng'ombe wala ndama. Wanamaanisha kwamba nyumba ya mwisho ya huku inaigusa ya kwanza ya kule, na hata jani la kumlisha mnyama halina pa kuota. Lakini mpaka usioonekana upo. Candes ni ya jimbo la kale la Touraine, Montsoreau ni ya Anjou, na ukielekea kusini kidogo unaingia Poitou. Shikeni hilo la majimbo, litatufaa usiku ukiingia.

Tuliguse kwanza lile jiwe. Linaitwa tuffeau. Miaka milioni 90 hivi iliyopita, nchi hii yote ilikuwa chini ya bahari ya joto. Vijiumbe vya baharini vilikufa, magamba yao yakazama, yakalundikana, yakakandamizwa, yakawa jiwe. Wanajiolojia wa dunia nzima wakitaja miamba ya umri huo hutumia jina lililotokana na Tours, mji mkubwa wa karibu. Weka kiganja chako kwenye ukuta wa nyumba ya Candes halafu kiondoe: kitatoka na vumbi jeupe kama unga wa chaki. Jiwe hili likitoka shimoni lina unyevu na ni laini, fundi hulikata kwa msumeno. Likikaa hewani likakauka, linajikaza. Mafundi wetu wa pwani wanaijua tabia hiyo, maana tumbawe nalo huchongwa likiwa bichi.

Kila nyumba iliyojengwa juu ya ardhi iliacha shimo chini ya ardhi. Kilima cha nyuma ya kijiji, na vilima vyote vya eneo hilo, vina mapango yaliyochimbwa na waliotafuta mawe. Baadhi ya watu wakahamia humo humo, wakaweka mlango na bomba la moshi, maana pango la tuffeau halina baridi kali kipindi cha baridi wala joto kali kipindi cha joto. Mengine yakawa maghala ya mvinyo, mengine yakawa mashamba ya uyoga gizani. Na mawe yenyewe yakapakiwa mashuani, yakaenda kujenga majumba ya wafalme na mji wa Nantes. Nusu ya kilima imehama kwa maji.

Sasa tuingie usiku.

Alikuwepo mtu aliyeitwa Martin. Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Martino wa Tours. Alizaliwa Pannonia, mahali ambapo leo ni Hungaria. Baba yake alikuwa askari wa Roma, naye akaingizwa jeshini akiwa kijana, akawa askari wa farasi. Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini anatetemeka, hana nguo. Martin hakuwa na fedha. Alichomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa yule maskini kimoja. Miaka mingi baadaye wafalme wa Wafaranki walikuwa wakitembea na kipande kilichosemekana kuwa cha joho hilo, na nyumba ndogo ya sala ilimotunzwa ile nguo ikaitwa kwa jina la nguo yenyewe. Ndiko lilikotoka neno la Kifaransa chapelle. Neno linalotumika leo kwa maelfu ya vikanisa lilianzia kwenye kipande cha nguo iliyokatwa.

Martin aliliacha jeshi, akaenda Poitiers kwa askofu Hilary, na karibu na mji huo akaanzisha makao ya watawa. Mwaka 371 watu wa Tours wakamtaka awe askofu wao. Hakutaka. Wakamwendea kwa hila, wakamdanganya kwamba kuna mgonjwa anamhitaji, na alipotoka tu wakamchukua. Kwa hiyo tayari mnaona tatizo. Poitiers, watu wa Poitou, wanasema Martin ni wao, kwa kuwa kwao ndiko alikoanzia utawa. Tours, watu wa Touraine, wanasema ni wao, maana ni askofu wao.

Akiwa mzee, Martin akasikia kwamba mapadri wa Candes wanagombana. Alikuwa amekwisha kujenga kanisa hapo, na hakupenda kufa akiacha watu wake wamenuniana. Akasafiri mpaka Candes, akawaketisha, akawapatanisha. Kazi ikaisha. Alipotaka kurudi nyumbani, nguvu zikamwishia. Akaomba alazwe juu ya majivu, chini, kama mtu asiye na kitu, na tarehe 8 Novemba 397 akafa.

Habari ikaenda mbio. Kutoka kusini, mwendo wa kilomita kama 70, wakaja watu wa Poitiers. Kutoka mashariki, kama kilomita 50, wakaja watu wa Tours. Mzee aliyekuja kupatanisha amelala katikati ya chumba, na pande zote mbili zinagombania mwili wake.

Watu wa Poitiers walisema: alikuwa mtawa wetu, tuliwaazima tu, tuachieni tuondoke naye. Watu wa Tours wakajibu: alipokuwa kwenu alifanya miujiza mingi kuliko aliyofanya kwetu, basi deni alilobakiza akiwa hai atalilipa akiwa amekufa. Mabishano yakaenda mpaka jua likazama. Milango ikafungwa kwa komeo, mwili ukabaki katikati, walinzi wa Poitiers upande huu, wa Tours upande ule. Poitiers walikuwa wamekwisha kuazimia kwamba kukicha watauchukua kwa nguvu.

Usiku wa manane, watu wa Poitiers wakalala. Wote, hata mmoja wao hakubaki macho.

Watu wa Tours wakanyanyuka kimya. Mlangoni hapapitiki. Lakini palikuwa na dirisha. Wakauinua mwili, wakaupitisha dirishani polepole, na waliokuwa nje wakaupokea kwa mikono. Wakashuka nao mpaka ukingoni, wakaulaza mashuani, wakasukuma. Waliingia maji ya Vienne kwanza, hatua chache tu, halafu makutano, halafu Loire, wakageuza omo kuelekea Tours, dhidi ya mkondo. Walipoona wamefika mbali wakaanza kuimba zaburi kwa sauti kubwa. Kuimba huko ndiko kulikowaamsha watu wa Poitiers. Wakatazama katikati ya chumba, hakuna kitu.

Aliyetuandikia kisa hiki ni Gregory, aliyeishi karibu miaka 200 baadaye. Naye Gregory alikuwa nani? Askofu wa Tours. Kwa hiyo, wajukuu zangu, kisa cha watu waliochukua mwili tumesimuliwa na aliyekalia kiti cha waliouchukua. Watu wa Poitiers wangekisimulia vingine, nina hakika. Mkisoma historia yoyote, ulizeni kwanza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Watu wa ukingoni nao waliongeza lao. Walisema mashua ilipokuwa ikipanda mto, miti iliyokuwa imekwisha kupukutika ilichanua maua kandokando ya maji, katikati ya Novemba, wakati ambapo Ulaya baridi imeanza kuuma. Martin akazikwa Tours tarehe 11 Novemba. Hadi leo, siku hizo zikijaliwa jua na vuguvugu, Wafaransa huziita kiangazi cha Mtakatifu Martin.

Tours ikatajirika kwa kaburi lile. Mahujaji walimiminika kutoka kila upande, na penye mahujaji pana nyumba za wageni, pana soko, pana sadaka. Candes je? Candes ilibaki na chumba na dirisha.

Hapa ndipo ninapowaheshimu watu wa Candes. Wangeweza kukata tamaa. Badala yake, kuanzia mwaka 1175 hivi, walianza kujenga kanisa kubwa la mawe meupe mahali aliposemekana amefia. Ni kanisa kubwa mno kwa kijiji kile. Ukiingia kwa ukumbi wa upande wa kaskazini, simama usiharakishe. Katikati ya ukumbi kuna nguzo moja tu, nyembamba, ndefu. Dari lote la mawe linaishukia. Juu kabisa mbavu za dari zinafunguka kutoka kwenye nguzo na kusambaa pande zote kama mnazi unavyofungua makuti yake, na ukiitazama kwa muda unaanza kujiuliza jiwe zito namna ile limekubalije kubebwa na kitu chembamba namna hii. Ndani ya kanisa kuna dirisha la vioo vya rangi, na kwenye vioo hivyo utawaona watu wa Tours wakiupitisha mwili dirishani. Walioibiwa wamechora wizi wenyewe wakaupa rangi nzuri, jua linaupitia kila siku.

Katika karne ya 15 kanisa liliongezewa kuta zenye meno na sehemu za kujihami, likawa nusu kanisa nusu ngome, kwa kuwa nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya Wafaransa na Waingereza. Chinon, ambako msichana Jeanne d'Arc alikwenda kumwona mfalme mwaka 1429, ipo juu kidogo tu kwenye Vienne. Na ukitoka Candes kilomita chache kusini unafika Fontevraud, kwenye nyumba ya watawa iliyo na sanamu ya kaburi la mfalme Richard, aliyeitwa Moyo wa Simba. Ndiye huyo huyo aliyepigana na Sultani Salahuddin. Wengi kwetu tunamjua kwa upande wa Salahuddin.

Turudi majini, maana huko ndiko walikokuwa watu halisi wa Candes. Kwa karne nyingi wakazi wengi wa kingo hizi walikula kwa mashua: mabaharia, wavuvi, mafundi, wasusi wa kamba, wachukuzi wa gatini.

Jahazi letu lina mkuku unaokata maji. Mashua ya Loire haina mkuku. Tako lake ni bapa kama sinia, kwa sababu mto huu una hila. Kipindi cha joto maji hupungua, mafungu ya mchanga yanajitokeza kila mahali, na fungu lililokuwa hapa mwaka jana mwaka huu limehamia kule. Chombo chenye mkuku kingekwama asubuhi na mapema. Mashua kubwa iliitwa chaland, ndefu, ya kubeba shehena. Ndogo iliitwa toue. Zote ziliendeshwa kwa upondo mrefu penye maji machache, na usukani wao ulikuwa ubao mkubwa unaokokotwa nyuma kwenye tezi.

Maajabu ya mto huu ni upepo. Mkondo unakwenda magharibi, baharini. Lakini upepo mkuu unatoka huko huko baharini, unavuma kuelekea mashariki, kinyume kabisa cha mkondo. Mabaharia wetu walisubiri kaskazi iwalete na kusi iwarudishe, na kati yake walikaa miezi. Baharia wa Loire alikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Akitaka kwenda Nantes anashusha tanga na kuuachia mto umchukue. Akitaka kurudi Orléans anatweka tanga pana la mraba, upepo wa bahari unamsukuma dhidi ya maji. Mashua zilipanda zikiwa zimefungwa moja nyuma ya nyingine kama msafara wa ngamia, ya mbele ikiwa na mlingoti mrefu kuliko zote, zinazofuata zikipungua urefu ili tanga la nyuma lisizibwe wala lisizibe. Mbele ya msafara walitangulia watu katika kimashua, wakipima kina kwa upondo na kuchomeka matawi kuonyesha njia ya maji.

Penye daraja kulikuwa na kazi ya moyo. Ilibidi mlingoti ulazwe, chombo kipite chini ya tao, kisha mlingoti uinuliwe upesi kabla mkondo haujakirudisha nyuma. Kosa dogo, mashua inapigwa na nguzo za daraja. Na upepo usipovuma? Unangoja. Siku, wiki, unakula akiba yako gatini huku ukiyatazama mawingu. Ndiyo maana vijiji vya kingoni kama Candes vilikuwa na nyumba za kulala na kula nyingi kuliko ukubwa wake.

Zilibeba nini? Kushuka zilibeba mvinyo, nafaka, mbao, mawe ya tuffeau, na kutoka karibu na Angers mawe meusi bapa ya kuezekea. Kupanda zilibeba chumvi ya pwani ya Atlantiki, samaki, na sukari.

Sukari hiyo sitaipita haraka. Ilitoka Nantes, na Nantes iliipata kutoka visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Waliolima miwa kule walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na hakuna bandari ya Ufaransa iliyotuma meli nyingi za biashara hiyo kuliko Nantes. Sukari ikapanda Loire, ikapita mbele ya Candes, ikaenda Orléans kwenye viwanda vya kuisafisha. Baharia wa Candes aliyesaidia kuvuta kamba labda hakuwahi kumwona mtumwa hata mmoja maishani mwake. Lakini mzigo ulikuwa ule. Na pwani yetu haikuwa mbali na mkono huo: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe hasa Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Mto mzuri unaweza kubeba mambo mabaya, na mkifika siku moja ukingoni pale, mkiona maji yametulia na machweo yamepaka dhahabu, nataka mlikumbuke na hilo.

Mambo ya mashua yaliisha ghafla. Reli ilifika Tours mwaka 1846, ikafika Nantes mwaka 1851. Treni haingoji upepo, haipandi fungu la mchanga. Ndani ya kizazi kimoja matanga yakapungua mpaka yakawa ya kuhesabika, na vijana wa mtoni wakatafuta kazi nyingine. Maji yalikuwa yameleta maisha, sasa yakapita matupu.

Na yalipokasirika yalikasirika kwelikweli. Ukingo wa kaskazini wa Loire una tuta refu lililoanza kujengwa zamani za wafalme wa karne ya 12, kuzuia mafuriko yasiingie mashambani. Mwezi Juni 1856 mvua zilizidi, mto ukapanda mpaka kwenye midomo ya tuta, na pale La Chapelle-sur-Loire, juu kidogo ya makutano, tuta likapasuka. Maji yakalifunika bonde lote mpaka karibu na Angers, yakaingia na kuzamisha machimbo ya yale mawe meusi. Katika vijiji vingi vya Loire utakuta mistari midogo imechongwa ukutani pamoja na mwaka. Maji yalifika hapa. Mtoto akisimama chini ya mstari wa 1856 inambidi ainue kichwa.

Turudi siku za leo. Njooni nami tupande njia ya nyuma ya kanisa, kati ya kuta nyeupe, mpaka juu ya kilima. Kutoka hapo mito miwili inaonekana ikikutana chini yako, mipana, polepole, na mafungu ya mchanga katikati. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza sehemu hii ya bonde la Loire katika orodha ya urithi wa dunia. Chini utaona mashua za toue, siku hizi zinaundwa na watu wanaozipenda tu na kuwapakia wageni. Kwenye mafungu, kuanzia masika ya huko, hutaga buabua, ndege weupe wadogo wanaokuja kuzaa Loire wakitokea kwenye pwani za Afrika Magharibi. Mayai yao yana rangi ya changarawe na yamelazwa mchangani bila kiota cha kueleweka, ndiyo maana watu hukatazwa kukanyaga mafungu msimu huo. Unaweza kuyaponda usijue.

Na upande wa mashariki utaona mvuke mweupe unapaa. Huo unatoka kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Avoine, ambacho kinachota maji ya Loire kujipoza. Kinu cha kwanza hapo kilianza mwaka 1963. Minara ya kupozea ilijengwa mifupi kwa makusudi, kama mita 28 tu, ili isiharibu sura ya bonde. Wengine hawapendi kuuona mvuke ule karibu na kanisa la karne ya 12. Mimi naona ni jambo moja lile lile: watu wamekuja mtoni kwa sababu wanahitaji maji.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kutoka juu hapo hamtakiona, nacho ndicho ninachokipenda zaidi. Samaki aitwaye samoni huzaliwa kwenye vijito vya juu, vyenye maji baridi na changarawe, kisha huteremka mpaka baharini, huenda mbali kaskazini kwenye bahari za barafu, hunenepa huko, na akikomaa hurudi kuzaa katika kijito kile kile alichozaliwa. Kwa miaka mingi wa Vienne walishindwa kurudi, kwa sababu mbele ya Candes, juu kwenye Vienne, kulikuwa na bwawa la umeme lililoitwa Maisons-Rouges, ukuta uliofunga mto. Mwaka 1998 ulianza kubomolewa. Uliondolewa wote, mto ukaachwa uende, na samaki wakaanza kupita tena.

Kwa hiyo hebu mfikirieni mmoja wao. Ameingia kwenye mdomo wa Loire, amepita Nantes, amepita Saumur, anaogelea kwenda juu, na sasa kuliani kwake kuna kijiji cheupe. Amefika makutano. Kushoto ni Loire, na mbele sana kuna mto Allier, mamia ya kilomita. Kulia ni Vienne. Hana ramani. Alichonacho ni kumbukumbu ya harufu ya maji aliyoyajua akiwa mdogo kama kidole. Anatulia kidogo kwenye mkondo, chini ya kanisa, chini ya lile dirisha, maji mawili yakimpita usoni kwa pamoja. Kisha anageuka, kulia.